Mahali Asipopita Tosti

Jumatatu, 2 Juni

Nimehamia kwa Nola Pargeter leo mchana, na nimekatazwa kumuuliza swali moja tu. Tangu nilipotua mabegi, swali hilo linaniwasha ulimi kama pilipili. Acha niliandike hapa, huenda likapoa: mbingu ipi ni ya kweli?

Tuna mbingu tatu. Kwa miaka mitano tumepiga picha anga la kusini kutoka mlimani hapa juu ya Coonabarabran, tukapima maumbo ya mamilioni ya galaksi. Nuru ya galaksi za mbali ikipita kando ya kitu kizito hupinda, hata kama kitu chenyewe hakionekani kwa jicho wala kwa darubini. Galaksi moja haikwambii neno, maana kila moja ina umbo ililozaliwa nalo. Ukizijumlisha mamilioni, mpindo unajitokeza, na unajua kimekaa wapi hicho kisichoonekana na kina uzito gani. Ulimwengu ulianza kama uji laini. Kazi yetu ni kujua umeshika madonge kiasi gani, na kwa haraka gani.

Lakini binadamu huona anachotaka kuona. Kwa hiyo kabla hatujaanza hesabu, vipimo vilipelekwa kwa Nola, profesa mstaafu asiye na hisa katika matokeo. Akavipindua kwa makusudi na kuturudishia seti tatu, moja ya kweli na mbili za uongo. Tulizipa majina ya miji ya huku: Baradine, Binnaway, Mendooran. Sisi huiita desturi hiyo upofu, na tunaishika kama watu wengine wanavyoshika mfungo.

Namba ya kutufumbua macho iko kichwani mwa Nola. Haikuandikwa popote, kwa sababu katika mradi uliopita kuna mtu alichungulia. Mzee wa Perth aliyekuwa akiijua naye alifariki Machi. Ukiingiza namba isiyo sahihi, kompyuta haikatai. Inakuchagulia mojawapo ya mbingu tatu kwa adabu kabisa, na hutajua umedanganywa. Kurudia kazi tangu picha mbichi ni miaka mingine mitano, na mradi unafungwa Septemba.

Na wiki iliyopita Nola aliunguza birika mara mbili.

Kiongozi wetu, Anselm Duong, alinipigia simu kutoka Sydney. "Tam, kukupeleka wewe kwa Nola ni kumpa fisi alinde bucha. Lakini binti yake yuko Dubbo, na huko mlimani upo peke yako. Kaa naye. Asiichome nyumba. Usimuulize kitu."

"Hata chumvi iko wapi?"

"Chumvi uliza. Lakini usimtazame usoni."

Jumanne, 3 Juni

Umande umeganda kuwa sakitu nyeupe juu ya majani hadi saa tatu asubuhi. Nachukia kipupwe.

Ijumaa, 6 Juni

Jiko la Nola ni kubwa kuliko nyumba niliyopanga Sydney. Jiko la kuni liko upande mmoja, meza katikati, dirisha pana upande wa mashariki. Kati ya meza na dirisha pana nafasi tupu yenye jua zuri, na hapakuwekwa kitu, hata zulia.

Kila asubuhi Nola huchukua makombo ya nyama na kwenda dirishani kuwapa ndege, wale weusi kwa weupe wanaopiga filimbi kama wahuni wa stendi. Leo nimeona kwamba haendi moja kwa moja. Anashika ukuta, anaizunguka ile nafasi, anafika dirishani, anarudi vilevile. Nikasema mazoea ya uzee.

Halafu Tosti akaingia mbio akifukuza mpira. Tosti ni mbwa wa kuchunga kondoo, wa rangi ya mkate uliokaushwa, ana miaka minne na hajawahi kuona kondoo. Mpira ulibingirika ukapita katikati ya nafasi. Tosti hakuufuata. Alizunguka, akaungoja upande wa pili.

Nikainuka nikaenda kusimama pale. Mbao ni mbao. Nilipogeuka Nola alikuwa ananitazama, kikombe kimesimama nusu ya safari kwenda mdomoni.

"Hapo pana upepo, mpenzi," alisema. "Njoo ukae huku."

Hapakuwa na upepo.

Jumapili, 15 Juni

Mvua. Supu ya boga. Nola kanishinda karata tatu mfululizo na kunicheka, kwa hiyo akili bado anazo.

Jumatano, 18 Juni

Kerrin, binti yake, amekuja na pikapu lake limejaa kuni na maboga. Ni mwanamke wa miraba minne, muuguzi wa wanyama, mdomo haumtulii.

"Anakusumbua?" aliniuliza.

"Ananifunga karata."

"Anaiba huyo. Mtazame mkono wa kushoto."

Alikuwa amebeba sanduku la maboga mpaka shingo imemtoka mishipa. Njia fupi ya kufika kabatini ilikuwa kupita katikati. Akazunguka. Nikamwuliza, "Kerrin, kwa nini unazunguka?"

"Nazunguka nini?"

"Hapo."

Aliitazama sakafu, akanitazama mimi, kisha akacheka bila furaha. Hakuwa anajua kwamba anazunguka. Akaaga mapema kuliko alivyopanga.

Jumanne, 24 Juni

Siku nzima mezani na mbingu tatu. Ya Baradine ina madonge sawasawa na nuru kongwe, ile iliyobaki tangu ulimwengu ulipoanza, ilivyoahidi. Ya Binnaway imepungukiwa kidogo. Ya Mendooran ni laini mno, uji usiokubali kushikana, na kama ndiyo ya kweli basi kuna kitu huko nje kinachozuia vitu visivutane, kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukipa jina. Katika mikutano kila mmoja wetu anaapa kwamba hana anayoipendelea. Tunaongopa wote.

Alhamisi, 3 Julai

Leo nimesikia neno nisilopaswa kusikia.

Tulikuwa tunakula. Nola alinitilia supu, akaniangalia kwa muda, akasema, "Mendooran ni pazuri sana wakati huu wa mwaka."

Ni hayo tu. Akaendelea kupaka mkate siagi. Mimi kijiko kilinigandia mkononi. Nimeishi na watu wa huku miaka kumi na moja na sijamsikia mtu akiisifu Mendooran. Kuna daraja, baa na barabara ya kutokea.

Sasa sioni kingine ila mbingu ya tatu. Vikombe ni vitatu kwenye misumari, na yeye huchukua cha tatu. Biskuti tatu kwenye sahani, ya tatu anampa mbwa. Najua huu ni ugonjwa. Najua hasa, kwa sababu upofu wetu ndio dawa yake.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekiondoa kipande kimoja cha anga la kusini kwenye hesabu. Usiku wa picha zile upepo uliitikisa darubini. Ni sababu nzuri. Mendooran imetulia.

Jumatatu, 14 Julai

Mawingu. Nola ameniita Kerrin mara mbili, halafu ameniita Clem. Clem alikuwa mumewe. Hakuna picha yake hata moja humu ndani.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika polepole, maana nataka kuona kama nikiandika polepole itabaki vilevile.

Asubuhi nilikuwa natoa kuni verandani kupeleka kwenye jiko. Safari ya tatu au ya nne nikajikuta nimesimama, mikono imejaa, na sikujua kwa nini. Kisha nikajua. Nilikuwa nimezunguka. Sikuamua. Hakuna aliyeniambia. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kupita mbali na pale mahali, na pengine ni siku nyingi.

Nikafanya ambalo kazi yangu imenifundisha. Nilichukua mfuko wa unga nikaumwaga sakafuni, kutoka mezani hadi dirishani, nikausambaza kwa ufagio mpaka ukawa mwembamba kama sakitu. Nola alipotoka chumbani nikamwambia umeniponyoka.

"Acha, nitafagia mimi," alisema. Akasahau hapohapo, kama nilivyotarajia, na naona haya kwamba nilitarajia.

Nikaacha siku ipite. Nola alikwenda kwa ndege na kurudi. Tosti alipita mara nyingi, kama mwenye kukagua. Jirani alileta mayai, mzee anayekuja kila juma. Mimi nilitembea bila kuangalia chini. Hatua moja haikwambii neno. Mtu huweza kukwepa kwa sababu ya jua, au goti, au fikra. Nilitaka zijumlike.

Jioni, jua likiwa bado lipo, nilipanda juu ya kiti nikatazama. Nyayo zote zilikuwa zimepinda. Zilikuja zimenyooka kutoka mlangoni, zikafika karibu, zikajikunja taratibu kama zinapita kando ya kitu, zikanyooka tena. Za Nola, za mbwa, za mzee wa mayai. Katikati ulibaki unga safi usioguswa, umbo refu lenye kona za mviringo. Urefu wa mtu aliyelala. Na miongoni mwa nyayo zile zilizojikunja, zangu zilijikunja kuliko zote.

Nilibaki juu ya kile kiti mpaka Tosti akaja kukaa chini yangu na kulia kwa sauti ndogo.

Halafu wazo lingine likaja, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Kama miguu yangu imefanya hivi bila kunijulisha, mikono yangu imefanya nini na anga? Nikashuka, nikafungua kompyuta, nikatazama usiku ule wa upepo. Upepo ulikuwepo, kweli. Lakini usiku nyingine tano zilikuwa na upepo mkali zaidi, na zote nilikuwa nimeziacha ndani ya hesabu. Niliondoa kile kimoja kwa sababu kilikuwa kinaikwaza Mendooran. Nilizunguka.

Nikakirudisha kile kipande. Nikampigia Anselm nikamwambia yote, supu, vikombe, kipande.

"Ulijua unaitaka Mendooran?"

"Sikujua, Anselm. Naapa."

"Nakuamini. Na ndiyo maana siwezi kukuacha kwenye vipimo, dada yangu. Aliyekwisha kuona hawezi kurudi kuwa kipofu."

"Miaka mitano."

"Najua. Nilikuwepo."

Nimelia sana. Nola alinisikia, akaja akakaa kando yangu, akanipapasa mgongo bila kuuliza kitu. Katika nyumba hii hakuna anayeuliza.

Jumapili, 20 Julai

Nimefagia unga. Nilipofika pale nilijilazimisha kupita katikati. Nilifumba macho kama mtoto anayerukia mto.

Jumatano, 30 Julai

Nakata kuni, napika, namwogesha mbwa. Hesabu zinaendelea bila mimi. Zitafungwa tarehe kumi na tano Agosti; baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kugusa hata nukta, na Nola ataombwa namba. Nimebaki na kazi moja tu, kumfikisha Nola siku hiyo akiwa mzima.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshindwa kazi hiyo moja.

Asubuhi hakuja jikoni. Nilimkuta amekaa kitandani na soksi moja, anaitazama nyingine mkononi kama anasubiri ijitambulishe. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Nikampeleka Dubbo kwa gari langu, Tosti nyuma, na njia nzima alikuwa ananieleza jambo kwa maneno yasiyokuwa maneno.

Madaktari wanasema mshipa mdogo wa damu kichwani umeziba. Kerrin alipofika hakuongea, na Kerrin asiyeongea anatisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Jumanne, 12 Agosti

Karudi nyumbani. Anatembea, anaongea, ananiita Tam. Karata hazikumbuki. Nampenda bibi huyu, na sikuwa nimepanga.

Bado anazunguka.

Jumamosi, 16 Agosti

Hesabu zilifungwa jana. Anselm akapiga simu.

"Anaikumbuka?"

"Sijamwuliza. Ulinikataza."

"Sasa nakuruhusu. Wewe huna tena cha kuharibu."

Ilikuwa kweli, na iliuma. Nikamwendea Nola akiwa dirishani na makombo yake. "Nola, namba ya upofu wetu unaikumbuka?"

"Nitakosaje kuikumbuka," alisema kwa majivuno, akaitaja, tarakimu nane bila kukwama. Nilirukaruka jikoni kama mwehu.

Kwa desturi nikarudi kumwuliza baada ya chai. Akataja namba nyingine, kwa majivuno yaleyale.

Jumamosi, 23 Agosti

Juma zima. Kila siku namwuliza, kila siku anajibu bila kusita, kila siku namba nyingine. Sitaziandika hapa nzima, mazoea ni mazoea. Tarakimu sita za mwisho hazibadiliki. Mbili za kwanza ndizo zinazorukaruka: kumi na saba, ishirini, kumi na nane, ishirini na moja, tena kumi na nane, kumi na sita, ishirini.

"Ziingize uone," nilimwambia Anselm.

"Siziingizi. Kila moja itanipa mbingu, Tam, na nikishaziona nitaanza kuchagua. Nataka neno lake Nola, moja, lisilobadilika. Tukikosa tunafunga mradi. Nitawaambia watu sitini waende nyumbani."

Sauti yake ilikuwa imechoka. Na mimi nimechoka kumwuliza Nola kitu kilekile na kuona jinsi anavyonitazama, kama mtoto aliyejibu sawasawa na bado anapigwa.

Jumatatu, 25 Agosti

Nilikuwa namenya viazi. Nola alikuwa anatoka dirishani, mkono ukutani, anazunguka. Na nikaona.

Tarakimu sita za mwisho ni mwezi na mwaka. Hizi si namba, ni tarehe. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Ishirini, ishirini na moja. Zinakuja karibu, zinajikunja, zinapita. Katikati pana nafasi safi isiyoguswa.

Kumi na tisa.

Kisu kiliniponyoka. Programu ya kufumbua ilikuwa kwenye kompyuta yangu, hatua chache kutoka pale nilipokuwa. Nilinawa mikono. Nikaketi mbele yake. Sikuandika kitu, kwa sababu nilijiuliza swali moja tu: je, nimeliona shimo kwa kuwa lipo, au nimeliona kama nilivyouona upepo wa usiku ule? Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani anayepaswa kukisia namba hii. Nikaifunga kompyuta na kumalizia viazi.

Jumatano, 27 Agosti

Kerrin kaja. Tulikaa verandani na chai, Nola amelala. Nikamwambia habari ya unga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kitanda cha Baba kilikuwa hapo," alisema. "Miezi yake ya mwisho. Alitaka kuona ndege. Siku ileile Baba alipofariki, Mama alitwambia tukitoe, na hatujasema neno tangu hapo. Miaka kumi."

"Na Tosti? Tosti alikuwa hajazaliwa."

"Tosti anamfuata Mama." Alikizungusha kikombe chake. "Mimi sijui namfuata nani."

"Hukuwahi kumwuliza siku ile ilikuwaje?"

"Wanasema kuuliza si ujinga. Lakini kuna nyumba ukiuliza inaanguka." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Mendooran ndiko alikozaliwa. Ndiko tulikomzika. Mama hupenda kusema ni pazuri majira haya, miti imechanua manjano. Hasemi kaburi, anasema pazuri."

Nikaweka kikombe chini. Kwa hiyo hata lile neno la supu lilikuwa limepinda kwa kumpita Clem, na mimi nilijenga juu yake ulimwengu mzima.

Ijumaa, 29 Agosti

Leo nimeuliza.

Jua lilikuwa limeingia jikoni. Ndege walikuwa dirishani wakipiga filimbi zao za kihuni. Nola alikuwa ameshika bakuli la makombo, mgongo kwangu, mkono unautafuta ukuta. Sikumwuliza namba.

"Nola, Clem alifariki lini?"

Tosti aliinua kichwa. Nola aliganda. Nilidhani mshipa umerudi, nikasimama kumshika. Yeye akauachia ukuta. Aligeuka, akaitazama ile nafasi, na akatembea. Moja kwa moja. Hatua zake zilikuwa fupi, kama za mtu anayeingia majini. Alipofika katikati alipiga magoti kwa taabu, akaketi, akauweka mkono juu ya mbao kama mtu anayelainisha blanketi.

"Alhamisi," alisema. "Tarehe kumi na tisa Machi. Alikuwa ananiomba chai. Nikamwambia ngoja, mpenzi, niwape ndege kwanza."

Akaendelea kuzilainisha zile mbao.

"Nikawapa ndege. Nikageuka."

Nilikwenda nikakaa naye pale chini. Sakafu ilikuwa baridi kuliko jiko lote, jua likiwa linatupiga. Sijui nieleze vipi. Naliandika tu kama lilivyokuwa.

"Hiyo ndiyo namba yenu," akasema. "Nilitaka ambayo siwezi kuisahau. Sikujua kwamba isiyosahaulika ndiyo isiyotazamika."

"Nimekuuliza juma zima, Nola."

"Umeniuliza namba, wewe mtoto." Akacheka, machozi yanamtoka. "Watu wazima sitini, na darubini juu ya mlima, mnapima vitu ambavyo havionekani. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za mume wangu."

Nilimpigia Anselm nikampa Nola simu, aitaje mwenyewe. Mimi na Tosti tukatoka verandani tusisikie. Aliitaja mara tatu, kwa saa tofauti, na haikubadilika. Mchana Anselm akanipigia.

"Binnaway," alisema.

Nikaketi kwenye ngazi ya veranda.

"Madonge yamepungua kidogo. Si kama ilivyoahidiwa, wala si muujiza. Kuna kitu, Tam, au hakuna kitu. Watu wanalia hapa, sijui wanalilia nini."

"Na kile kipande changu?"

"Usingekirudisha, tungeipotosha Binnaway na hakuna ambaye angejua. Jina lako litakaa mahali pake. Mpe Nola chai."

Nilisema nitampa. Nilipokata simu nilihisi furaha, halafu aibu, halafu furaha tena.

Jumapili, 14 Septemba

Nola amehamia Dubbo kwa Kerrin. Miti imechanua manjano njia nzima. Kerrin anasema watasimama Mendooran, kaburini, na alilitamka neno hilo lote.

Kabla hajaondoka Nola alipika chai mwenyewe. Alijaza vikombe viwili. Kimoja akakinywa amesimama. Cha pili akakibeba kwa mikono miwili, akapita katikati, akakiweka sakafuni upande wa dirisha. Ndege walikuwa wameshafika, wanagonga kioo kwa midomo.

"Ngojeni," aliwaambia.

Nimebaki na Tosti kufunga nyumba. Atapelekwa kwa Nola Ijumaa. Meza imekwenda, viti vimekwenda, jiko zima ni sakafu tupu na kikombe kimoja. Nimeshindwa kukiondoa. Nimekipita kando siku nzima, na Tosti vilevile, upande wake.

Jumatatu, 15 Septemba

Asubuhi kikombe kilikuwa kitupu, na kikavu.

Milango nilifunga mwenyewe. Tosti hapiti pale hata akiitwa kwa nyama; nimemjaribu. Nilisimama mlangoni muda mrefu na swali langu, halafu nikalitamka kwa sauti, maana nimejifunza: Clem, chai umeinywa wewe? Filimbi za ndege zilinyamaza kidogo, zikaanza tena.

Nikakiosha. Nikapika chai nyingine, nikaiweka palepale, ndipo nikawapa ndege.